Maji na Chakula

Mtu akiulizwa alikula nini jana atataja ugali, maharagwe na mboga, na pengine nyama ikiwa siku ilikuwa ya heri. Hatataja maji. Kwake maji ni kitu cha kando, cha kupozea koo baada ya kazi ya kula kwisha. Hata vitabu vya afya, ambavyo havikosei katika mengi, hupanga chakula kwa mafungu: wanga wa kutia nguvu, protini ya kujenga mwili, mafuta, vitamini na madini ya kuulinda, ndipo mwisho wa orodha, kama mgeni aliyechelewa karamuni, maji nayo hutajwa. Mimi ni mwalimu katika Machakos, nchi ambayo nyumba nyingi hazijui bomba, na kukaa kwangu huku kumenifanya niamini kwamba orodha ile huanzia mwisho. Nataka kukueleza, msomaji mwema, kwa nini maji yastahili kutajwa kwanza, na kwa nini mtu mzima anayehesabu chakula chake bila ya kuhesabu maji yake hupata jumla isiyo sawa.

Kwanza itazame nchi yenyewe. Juu ya vilima vya Iveti na Mua mvua si haba, lakini ukiteremka kuelekea Yatta na Masinga utakuta miti ya miiba, udongo mwekundu, na mito ambayo kwa miezi mingi ya mwaka ni njia za mchanga mtupu. Mvua huja mara mbili: masika toka Machi hata Mei, na vuli toka Oktoba hata Desemba, na mkulima wa Ukambani huitegemea vuli zaidi ya masika. Vuli ikikosa, ghala hubaki na panya. Wakamba wamezipa majina njaa zao kubwa, kama mataifa mengine yanavyowapa majina wafalme. Ipo Ngomanisye, iliyoangamiza watu wengi katika miaka ya 1898 na 1899. Ipo Ndeke, yaani ndege, ya mwaka 1961, ambayo chakula chake kilidondoshwa kutoka angani. Ipo Nikwa Ngwete ya mwaka 1984, njaa ya mtu kufa akiwa ameshika fedha mkononi, kwa kuwa hakikuwapo chakula cha kununua. Wazee husimulia misiba hiyo kuwa ni habari za njaa, na ni kweli. Walakini kila mmoja wao ulitanguliwa na mvua iliyokosa. Kiu ya ardhi ilikuja kwanza, njaa ya watu ikafuata.

Nchi kama hiyo huchagua chakula kinachoweza kungoja. Mahindi, mbaazi, kunde, ndengu na maharagwe hukaushwa juani na kuwekwa akiba, na katika hali hiyo nafaka na kunde hazina maji ila kiasi cha sehemu 12 katika 100 za uzito wake. Ukavu huo ndio unaozilinda na kuoza. Lakini huwezi kula ukavu. Chukua mathalani muthokoi, chakula cha heshima cha Ukambani. Mahindi hutwangwa kwa kinu na mchi hata maganda yake yatoke, yakachanganywa na maharagwe au mbaazi, kisha yakachemshwa kwa muda mrefu. Kilo moja ya maharagwe makavu ikiisha kuiva huwa zaidi ya kilo mbili, na kilichoongezeka ni maji. Kwa hiyo mama anapopika muthokoi hulipa kwanza deni la maji ambalo jua lilimkopesha wakati wa mavuno. Nyumba yenye gunia la mahindi na mtungi mtupu haina chakula, ina mbegu.

Deni la chunguni huonekana kwa macho. Liko deni jingine lisiloonekana, nalo ni kubwa zaidi. Chakula kikiisha kuingia kinywani, mwili huanza kukimiminia maji yake wenyewe: mate kinywani, maji makali ya tumboni, nyongo kutoka katika ini, maji ya kongosho, na maji ya utumbo. Kwa mtu mzima maji hayo hufika kadiri ya lita 7 kwa siku moja. Kiasi hicho ni zaidi ya damu yote iliyomo mwilini mwake, ambayo ni kama lita 5. Yaongeze yale yaliyonywewa na yale yaliyomo chakulani, nayo ni kama lita 2, upate lita 9 zinazopita utumboni kila siku. Kati ya hizo, mililita 100 au 200 tu hutoka na choo; nyingine zote hunyonywa na kurudi katika damu, zikichukua pamoja nazo sukari, chumvi na vyote vilivyoyeyuka ndani yake. Hivyo ndivyo mtu anavyolishwa. Kabla ya chakula kuupa mwili kitu, mwili hukikopesha chakula maji, na mwenye akiba ndogo hukopesha kwa shida.

Undugu huo wa maji na chakula si maneno ya kupamba insha. Mwaka 1960, katika mkutano wa wataalamu mjini Prague, mtaalamu wa Marekani aitwaye Robert Crane alieleza jinsi utumbo unavyoipokea sukari: glukosi huingia ikiwa imeshikana na sehemu ya chumvi, na maji huzifuata. Maji matupu aliyopewa mtu mwenye kuhara sana hupita tu. Ukiyatia sukari na chumvi kidogo, mlango hufunguka. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi za wakimbizi mpakani mwa India, na dawa ya kutia mishipani ikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe maji yenye glukosi na chumvi, na jamaa zao wakawa ndio wauguzi. Maelfu waliokuwa wakingojea kifo walipona. Siku hizi mchanganyiko huo hujulikana katika kila kituo cha afya cha Kenya, na asiyepata pakiti yake aweza kuutengeneza nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, visiwe na kilima. Kijiko kisipimwe kwa ukarimu, kwa maana chumvi ikizidi hudhuru. Tazama basi: chakula kidogo ndicho kilichowezesha maji kuingia mwilini. Maji hukihudumia chakula, na chakula huyahudumia maji.

Pengine utaniuliza: mtu mzima anywe kiasi gani? Umesikia bila shaka amri ya bilauri nane kwa siku. Asili moja ya amri hiyo yafaa kujulikana. Mwaka 1945 Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima ahitaji kama lita 2 na nusu za maji kwa siku. Kisha ikasema kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho imo katika vyakula vilivyopikwa. Watu waliikumbuka sentensi ya kwanza, wakaisahau ya pili. Mwaka 2002 mtaalamu wa mafigo aitwaye Heinz Valtin alitafuta ushahidi wa sayansi wa zile bilauri nane kwa kila mtu, asiuone. Mwaka 2010 wataalamu wa Ulaya walikadiria lita 2 na nusu kwa mwanamume na lita 2 kwa mwanamke, wakihesabu maji ya vinywaji na ya chakula pamoja, kwa watu wa kazi ya wastani katika hali ya hewa ya wastani. Jua la Yatta mwezi wa Februari si la wastani, wala kuchimba shamba si kazi ya wastani. Basi mkulima wetu aongeze kwa kadiri ya jasho lake.

Kiasi cha maji katika sahani si kidogo. Sukuma wiki ni maji karibu sehemu 9 katika 10. Embe ni zaidi ya sehemu 8 katika 10. Maziwa vivyo hivyo. Na ugali ulioiva, ingawa husimama wima sahanini, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Mtu anayekula mboga na matunda hunywa anapokula. Lakini kiangazi kikizidi, mboga hukauka, matunda hupotea sokoni, na maziwa hupungua kwa kuwa ng'ombe naye ana kiu. Hapo sahani hubaki na nafaka peke yake, tena iliyopikwa kwa maji ya kubania. Ndiyo maana ukame humnyang'anya mtu maji mara mbili: mara moja mtungini na mara nyingine sahanini. Nafaka na kunde zina makapi mengi, ambayo ni mema kwa utumbo yakipata maji. Yakiyakosa, mtu hufunga choo, tumbo likajaa, na hamu ya kula ikaondoka.

Kwa kijana mwenye afya, kiu ni mshauri mwema. Watafiti waliowachunguza wanariadha hodari wa mbio ndefu wa Kenya, wakachapisha habari zao mwaka 2008, waliwaona wakinywa maji na chai ya maziwa kwa kadiri walivyopenda, bila ya kupimiwa na mtu, na miili yao ilikuwa na maji ya kutosha siku hata siku. Tena mtu asidhani kuwa kuzidisha ni hekima. Wamekuwapo wakimbiaji waliokunywa maji kupita kiasi katika mbio hata chumvi ya damu ikazimuka, na baadhi yao walikufa. Dalili nyepesi ya kujichunguza ni mkojo: ukiwa wa manjano hafifu, maji yatosha, ukiwa wa rangi nzito kama chai isiyo na maziwa, mafigo yanabana. Mtu wa kilo 60 akipoteza maji ya kilo moja na robo hivi, nguvu zake hupungua na fikira zake huanza kupotea njia.

Nimesema kwa kijana, kwa sababu mshauri huyo huzeeka pamoja na mwenyewe. Katika mwaka wa 1984 jarida la tiba la New England lilichapisha uchunguzi uliofanywa Uingereza. Wanaume wazee wenye afya na vijana walikaa saa 24 bila ya maji. Walipopewa ruhusa ya kunywa, wazee, ambao miili yao ilikuwa na upungufu mkubwa, walisikia kiu kidogo wakanywa kidogo. Niliposoma habari hiyo nikiwa katika chuo cha ualimu nilikumbuka nyanya yangu, mzaa mama.

Mwaka 2009 ukame ulitanda katika Kenya, nami nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Maji yaliletwa kwa punda kutoka visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto, na foleni ilianza kabla ya jogoo kuwika. Nyanya alikuwa mwanamke wa adabu ya zamani. Alipoona mtungi wa nyumbani haujai, alijipunguzia fungu lake kimya kimya ili wajukuu waoge na kwenda shule, na jioni hakunywa kabisa ili asilazimike kutoka nje usiku. Hakusema, wala hakuna aliyemwuliza, maana mtu mzima hahesabiwi vikombe. Tuliloliona sisi ni kwamba hakumalizi chakula. Mama alimpikia muthokoi laini, akamwongezea mafuta, akamtafutia yai. Sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Mwili wake ulikonda, mdomo ukapasuka, na siku moja aliniita kwa jina la mjomba aliyekwisha kufa. Majirani walisema ni uzee, na mmoja alinong'ona maneno ya uchawi. Mama hakuyasikiliza, alimpeleka kituo cha afya juu ya pikipiki. Muuguzi aliutazama ulimi wake, akaivuta ngozi ya kifua chake ikachelewa kurudi, akauliza swali moja: "Susu, leo umekunywa mara ngapi?" Nyanya hakuwa na jibu. Alinyweshwa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kisha uji mwepesi, kidogo kidogo, mchana kutwa. Siku ya tatu alituita wajukuu wote kwa majina yetu, na siku ya nne aliomba muthokoi.

Fikiri juu ya jambo hilo, msomaji. Tulikuwa tukitafuta njaa, na chakula kilikuwapo mbele yake. Mtu mwenye upungufu wa maji hupoteza hamu ya chakula, hasa chakula kikavu, kwa kuwa mwili hukataa kukopesha usichokuwa nacho. Akila kidogo, hukosa pia maji yaliyomo chakulani. Kiu huzaa njaa, na njaa huongeza kiu. Ndivyo wazee wengi wanavyokonda katika nyumba zenye ghala. Wengine wanaostahili kuangaliwa ni mama anyonyeshaye, ambaye maziwa yake ni maji karibu sehemu 9 katika 10, na hutoa zaidi ya nusu lita kila siku. Mchimba mchanga na mponda kokoto, ambao jasho lao hukauka kabla ya kuonekana. Na mgonjwa wa homa. Mkojo mchache na mzito, katika nchi ya joto, ni chanzo kimoja cha vijiwe vya mafigo, na aliyewahi kuumwa navyo hahitaji kufundishwa tena.

Sasa kuna jambo la namna ya kinywaji, maana si kila kinacholowesha koo hulisha mwili. Chai ni maji, na anayesema chai hukausha mwili huipa lawama isiyostahili. Kosa lake ni la saa. Chai ikinywewa pamoja na chakula huyashika madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga, yasinyonywe vema. Na kwa mwanamke ambaye damu yake ni pungufu hasara hiyo si ndogo. Ngoja saa moja hivi baada ya kula, ndipo unywe chai yako kwa furaha. Mezani weka maji, na ukipata kipande cha chungwa au papai, kula pamoja na maharagwe, kwa sababu vitamini C husaidia madini hayo kuingia. Soda ni maji yenye mzigo: chupa ya mililita 300 huwa na gramu 30 za sukari au zaidi, ilhali Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vizuri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku. Na maji machafu ni mwizi aliyevaa nguo za rafiki. Mwenye kuyanywa huhara, na kwa kuhara hupoteza maji, chumvi na chakula alichokwisha kukilipia. Maji ya kisima cha wazi yachemshwe au yatiwe dawa. Kuni zinazotumika hapo ni sehemu ya gharama ya chakula, kama chumvi ilivyo.

Mtu aweza kusema kwamba maonyo haya ni mepesi kwa mwenye bomba. Nakubali. Ndiyo maana afya ya mtu mzima wa Machakos haiko mikononi mwa daktari peke yake. Iko pia katika jembe na karai. Tangu miaka ya 1950 wakulima wa huku, wanawake wakiwa mbele katika kazi za mwethya, wamechimba matuta yaitwayo fanya juu, kwa kuwa udongo hutupwa upande wa juu wa mfereji. Matuta hayo huzuia mvua isikimbie, huifanya inyweke. Katika mito ya msimu wamejenga kuta za mawe na saruji ziitwazo mabwawa ya mchanga. Gharika huleta mchanga, mchanga hutuama nyuma ya ukuta, na maji hujificha kati ya chembe zake, mbali na jua na mbali na mbu, yakingoja kiangazi. Kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa na Joshua Mukusya na wenzake mwaka 1978, kilijulikana kwa kazi hiyo. Palipo na bwawa la namna hiyo, mboga hustawi ng'ambo zote mbili za mto, na sahani ya kiangazi hupata tena ubichi wake.

Mwili nao hupenda kutendewa kama shamba hilo. Mvua ya kishindo juu ya mteremko mtupu huondoka na udongo. Mvua ya rasharasha juu ya tuta huingia hata mizizini. Mwenye kushinda na kiu mchana kutwa, kisha akanywa lita mbili kwa pumzi moja jioni, huzitoa nyingi kabla ya usiku kuisha. Afadhali kikombe asubuhi, kikombe shambani, kikombe pamoja na chakula. Haba na haba hujaza kibaba.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kuepukana na njaa na kupata chakula cha kutosha. Na mara tu baada ya maneno hayo inampa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Waandishi wake waliziweka haki hizo mbili jirani, na mimi naona walifanya vema. Kudai haki hizo ni wajibu wetu sote. Lakini nyumbani kwako kuna wajibu usiongojea serikali. Unapompelekea mzee sahani, mpelekee na kikombe, ukae naye mpaka akimalize. Unapomsifu mama kwa kubeba mtungi kutoka mtoni, hakikisha kwamba naye amekunywa kabla ya kuupika wote. Na siku utakapoulizwa nyumbani mwenu mna chakula cha siku ngapi, usihesabu magunia peke yake. Hesabu pia mitungi.